Mtoto wa jicho wa kurithi: protini za lenzi zinaharibikaje, na mtoto wetu anayekuja naye atapata?

Fundi_Tanga
Habarini wakuu. Naombeni wenye uelewa wa macho na vinasaba mnisaidie, maana kliniki nilielezwa mambo mengi kwa haraka nikatoka nimeshika nusu tu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mboni zilikuwa na weupe katikati. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga na sasa anavaa miwani, anakimbia anacheza mashallah. Baba yangu naye alitolewa mtoto wa jicho akiwa bado kijana, na mimi daktari aliponipima kwa ile mashine ya mwanga mwembamba akakuta vidoti vidogo vidogo kwenye lenzi, ambavyo sikuwahi kuvijua kwa sababu naona vizuri tu. Akasema ni ya kurithi, kuna protini ya lenzi inatengenezwa na kasoro.

Sasa mke wangu ni mjamzito tena. Kuna ndugu wameshaanza kumsema yeye, mara alikula hiki, mara kwao kuna laana, na inaniuma sana kwa sababu ukifuatilia hii kitu inatoka upande wangu. Nataka kujua, protini moja inazibaje jicho zima? Mbona mimi ni vidoti tu na mwanangu iliziba kabisa? Na huyu anayekuja ana nafasi gani?

mama_miwani
Pole kaka, na hongereni kwa ujauzito. Nipo kitengo cha macho, nianze na hilo la mwisho maana ndio la haraka. Kama inashuka babu, baba, mtoto bila kuruka kizazi, basi nakala moja tu ya jeni yenye kasoro inatosha kuleta tatizo, na kila mimba nafasi ni nusu kwa nusu. Haijalishi wa kwanza alipata au hakupata, hesabu inaanza upya. Mkeo hahusiki hata kidogo na hao ndugu waambie hivyo hivyo kwa sauti, tena mbele yake.

Ila sio kila mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao ni wa ukoo, kuna rubela mama akiumwa wakati wa mimba, kuna galaktosemia, yaani mwili wa mtoto kushindwa kuchakata sukari ya maziwa, na wengine chanzo hakijulikani. Nyie historia yenu inaongea yenyewe. Huyu ajaye apimwe macho siku za mwanzo kabisa, waambieni wakunga mapema kwamba kuna historia. Wanamulika mboni na ule mwanga wa ofthalmoskopu, inatakiwa wekundu urudi sawa macho yote mawili. Likiwa limeziba sana, upasuaji unatafutwa ndani ya wiki 6 hadi 10 za mwanzo kwa sababu ubongo unajifunza kuona kipindi hicho, ukichelewa unaweza kutoa mtoto wa jicho na jicho lisione vizuri hata kwa miwani. Na jamani wazazi wengine mnaosoma hapa, weupe kwenye mboni ya mtoto usiseme tu ni mtoto wa jicho ukakaa, saratani ya retina nayo inaanza hivyo hivyo, mkimbize hospitali.

Mkemia_Moro
Mkuu mimi nitajibu la protini, ndio eneo langu na nalipenda kweli.

Lenzi imejaa protini kuliko karibu tishu nyingine yoyote mwilini, kama theluthi ya uzito wake ni protini, na nyingi ni jamii inaitwa kristalini, ziko alfa, beta na gama. Seli za ndani ya lenzi zikikomaa zinatupa kiini na viungo vyake vyote ili mwanga upite bila kugonga kitu. Sasa ukishatupa kiini huna tena jeni za kusoma, maana yake protini mpya hazitengenezwi. Zile za katikati ya lenzi yako ziliwekwa kabla hujazaliwa na ndio hizo hizo unazo leo. Wadenmaki mwaka 2008 walipima ndani ya kristalini za lenzi kaboni ya mionzi iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakaweza kukadiria mtu alizaliwa mwaka gani. Mwaka 2016 njia hiyo hiyo ikatumika kwa papa wa Greenland, mkubwa wao akakadiriwa karibu miaka 400.

Kwa hiyo kristalini lazima zidumu maisha yote zikiwa zimebanana sana na bado zisigandane. Chukua ute wa yai, mbichi unapitisha mwanga, ukiupasha protini zinakunjuka zinashikana unakuwa mweupe. Kwenye lenzi hauhitaji moto, inatosha herufi moja ya DNA ikosewe. Kuna jeni inaitwa CRYGD, iko kromosomu ya 2, inatengeneza gama-D. Kuna koo zimekutwa na badiliko kwenye asidi amino (zile tofali zinazojenga protini) ya 23, prolini imekuwa threonini. Umbo la protini linabaki karibu vile vile, ila inakuwa ngumu kuyeyuka, zinakamatana zenyewe kwa zenyewe. Badiliko lingine, nafasi ya 36, lilikutwa kwa mtoto wa Cheki ambaye alipofanyiwa upasuaji kilichotoka kwenye lenzi kilikuwa ni fuwele halisi za protini. Mwanga ukikuta mafungu makubwa hivyo unatawanyika, nje tunaona weupe.

Na kuna alfa-kristalini ambayo kazi yake nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 1992, ni kuzidaka protini zinazoanza kukunjuka kabla hazijaganda na wenzake. Jeni zake ni CRYAA kromosomu ya 21 na CRYAB ya 11. Hii CRYAB inafanya kazi pia kwenye misuli na moyo, ndio maana daktari anaweza kuuliza kama ukoo wenu kuna udhaifu wa misuli au shida ya moyo, usishangae.

Kuhusu vidoti vyako, badiliko moja linaweza kuonekana tofauti kabisa ndani ya nyumba moja, kwa sababu jeni nyingine alizorithi mtoto kwa mama na kwako zinachangia. Usijilaumu.

Sayuni88
Naongezea, sio kristalini peke yake. Mwaka 1963 watafiti Renwick na Lawler walifuatilia ukoo mmoja Uingereza wakaona mtoto wa jicho anashuka pamoja na kundi la damu la Duffy, dalili kwamba jeni zao ziko jirani kwenye kromosomu moja. Mwaka 1968 Duffy ikawekwa kromosomu ya 1, na mwaka 1998 jeni yenyewe ikapatikana, GJA8, inatengeneza vijia ambavyo seli za lenzi hupitishiana chumvi na virutubisho. Kwa ukoo wa huku kwetu ile mbinu ya damu isingefua dafu, maana Waafrika wengi chembe zetu nyekundu hazina Duffy kabisa, ndio hiyo hiyo inayotukinga na malaria ya vivaksi.

Bint_Pwani
Samahani naingilia, mbona wazee karibu wote wanapata mtoto wa jicho, na wao jeni zao mbovu? Na kuna matone yanauzwa mtandaoni eti yanayeyusha, bibi yangu ameshaagiza.

Mkemia_Moro
Hapana dada, bibi kristalini zake alizaliwa nazo nzima, ila hazibadilishwi, kwa hiyo miaka yote ya jua, sukari ikiwa juu, sigara na umri wenyewe inazichakaza taratibu, na ile alfa inaisha kazi kwa kudaka zilizoharibika. Matone, mwaka 2015 kulikuwa na utafiti wa lanosterol, kemikali ya jamii ya mafuta, kwa mbwa ulioleta msisimko, wengine wakajaribu kwenye lenzi za binadamu zilizotolewa hazikuyeyuka. Hakuna tone lililothibitishwa, mpeleke bibi akapimwe, upasuaji ndio tiba.

Fundi_Tanga
Nashukuruni sana sana, nimemsomea mke wangu yote na kalala vizuri leo. Swali la mwisho, mzee ameshatolewa lenzi zote mbili, akija kupimwa vinasaba si itakuwa haina maana?

mama_miwani
Ina maana kaka, mje naye. Lenzi haihitajiki, kasoro ya kurithi iko kwenye seli zake zote, wanachukua damu au mate. Tena akipimwa yeye, wewe na mtoto pamoja, badiliko likikutwa kwa wote watatu ndio wanapata uhakika zaidi ni jeni gani.