Naomba ushauri: vipimo vya damu baada ya ugonjwa wa thairoidi kutulia

Ndugu zangu, habari zenu. Nilitibiwa ugonjwa wa Graves (kingamwili za mwili wenyewe kuifanya tezi ya thairoidi itoe homoni kupita kiasi) kwa kabimazoli hadi homoni zikarudi kawaida, na sasa nimeachishwa dawa. Kila ninapokwenda kupima naandikiwa TSH peke yake (homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, ambayo hushuka thairoidi inapozidisha), ilhali nafahamu kwamba ugonjwa ukirejea, wakati mwingine T3, mojawapo ya homoni za thairoidi, ndiyo hutangulia kupanda huku T4, homoni yake nyingine, ikiwa bado sawa. Je, niombe T4 huru na T3 huru (sehemu isiyoshikamana na protini za damu) kila mara, au nisubiri kwanza TSH ishuke? Na kingamwili za TRAb, zile zinazoichochea thairoidi katika ugonjwa huu, ambazo kwa maoni yangu zilistahili kupimwa kabla ya kuacha dawa, zina faida kurudiwa sasa, wakati dalili pekee ni vidole kutetemeka kidogo ninaposhika kikombe? Vidonge vya biotini (vitamini B7) nimevisitisha, maana hupotosha majibu.