Bima ya wazazi Minnesota: baba ana krediti 32, mama anatimiza miaka mitano ya makazi Novemba. Tuanze na nini?

mwana_wa_gusii

Hamjambo wote. Naomba msaada wa wanaozijua hizi bima za serikali za wazee hapa Minnesota. Hali yenyewe ni hii:

Baba ana miaka 66, kadi ya kijani tangu 2017. Anafanya kazi kwenye ghala lenye wafanyakazi zaidi ya 200, na bima ya kazini inamhudumia yeye na mama. Taarifa yake ya Social Security (mfuko wa serikali wa pensheni) inaonyesha krediti 32, yaani alama za kazi, hadi mwisho wa 2025. Mama ana miaka 67, aliingia Novemba 2021 kwa kadi ya kijani, na hajawahi kuajiriwa hapa. Mimi ndiye niliyewadhamini wote wawili kwa I-864 (ahadi ya mdhamini kuwatunza).

Wakala mmoja anasema mama ajiandikishe Medicare (bima ya serikali ya wazee) upesi kabla faini haijaanza, na kwamba Sehemu A (ya hospitali) ni dola 565 kwa mwezi. Mwingine anasema tuachane na hayo, aombe Medical Assistance (bima ya wenye kipato kidogo) kwa sababu ni bure. Baba naye anataka kustaafu mwakani. Nimsikilize nani?

---

hesabu_za_medicare

Kwa hali yenu, mawakala wote wawili wamekosea.

Tuanze na hiyo bei. Dola 565 ni bei ya 2026 kwa mtu asiye na krediti 30, na ambaye mwenzi wake pia hana. Baba ana 32, kwa hiyo yeye akinunua Sehemu A leo analipa 311. Mama kama mke wake naye anahesabiwa kwa krediti hizo hizo, yaani 311. Sehemu B (ya madaktari) ni 202.90 kwa kila mmoja. Hata hivyo, kwa maoni yangu msinunue A kabisa. Mzee akifikisha krediti 40, Sehemu A inakuwa bure kwake, na kwa mama pia kupitia rekodi ya mumewe, maana mume ameshapita miaka 62 na ndoa ina zaidi ya mwaka mmoja.

Zinafika lini? Mwaka mmoja hautoi zaidi ya krediti nne. Kwa 2026 kila krediti inahitaji mapato ya dola 1,890, yaani 7,560 kwa zote nne. Bila shaka mshahara wa ghala umeshavuka hapo, kwa hiyo mwisho wa mwaka huu atakuwa na 36. Mwakani anaongeza nne, ila jihadharini hapa: hata akizipata pesa zote kufikia Machi, krediti haiandikwi kabla robo yake ya mwaka haijaanza. Ya arobaini itaandikwa 1 Oktoba 2027, si siku moja kabla.

Maana yake mzee anaweza kuacha kazi Juni 2027 na bado akafikisha 40 Oktoba, mradi kiasi cha mwaka kimetimia kabla hajaondoka. Akiacha Desemba hii akiwa na 36, hana Sehemu A ya bure na pensheni ya Social Security hapati hata senti moja. Kwenye pensheni, krediti 39 ni sawa na sifuri.

Sasa faini. Muda wa kwanza wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kustahiki, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Kwa mama, mwezi wa kustahiki si ule aliofikisha miaka 65, ni Novemba 2026 atakapotimiza miaka mitano ya makazi halali mfululizo. Dirisha lake ni Agosti 2026 hadi Februari 2027. Miaka aliyokaa bila kustahiki haihesabiwi kwenye faini.

Hata dirisha hilo likipita, maadamu amefunikwa na bima ya kazi ya mume aliye kazini, anapewa muda maalumu wa miezi nane tangu kazi au bima ikome, lolote litakalotangulia. Hakuna faini. Ila idadi ya wafanyakazi si jambo dogo. Mwajiri akiwa na wafanyakazi chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa bili ya mtu ambaye hakujiandikisha. Ninyi mna 200, mko salama.

Msichanganye na COBRA. Mzee akiacha kazi mkaendelea kulipia bima ileile kupitia COBRA, hiyo haihesabiwi kuwa bima ya mtu aliye kazini. Saa ya miezi nane inaanza siku aliyoacha kazi. Hapo ndipo familia nyingi huumia: COBRA inakwisha baada ya miezi 18, wanakwenda Social Security, wanaambiwa wasubiri Januari hadi Machi, na Sehemu B inapanda asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, maisha yote.

---

karatasi_kwanza

Naunga mkono hesabu hizo. Kuhusu karatasi zenyewe:

Mzee akikaribia kustaafu, kila mmoja wao akiwa tayari na Sehemu A ajaze CMS-40B (maombi ya Sehemu B) na kila mmoja awe na CMS-L564 yake, iliyojazwa na mwajiri kuthibitisha bima. Fomu moja ya L564 haitoshi kwa wawili. Kagueni kabla haijatoka ofisini kwa mwajiri: mara nyingi karani anaandika tarehe ya kuanza kazi halafu anaacha wazi tarehe bima ilipoanza, na bila hiyo Social Security watairudisha. Ombeni mwezi mmoja hivi kabla ya tarehe ya mwisho kazini, Medicare ianze siku ya kwanza ya mwezi unaofuata bila pengo.

Kila mwaka kabla ya 15 Oktoba bima ya kazini hutuma barua inayosema kama sehemu yake ya dawa inalingana na ya Medicare. Inaonekana kama matangazo, watu wanaitupa. Itunzeni. Ukikaa siku 63 mfululizo au zaidi bila bima ya dawa inayokubalika, Sehemu D inaongezwa asilimia 1 ya bei ya msingi ya taifa kwa kila mwezi uliokosa, na barua hiyo ndiyo ushahidi wenu.

Na baba asichukue Sehemu B sasa hivi "ya akiba" akiwa bado kazini. Siku B inapoanza kwa mtu wa miaka 65 na zaidi, miezi sita ya kununua Medigap (bima binafsi ya kujazia mapengo ya Medicare) bila kuulizwa ugonjwa inaanza kukimbia, na haijali kama una bima nyingine. Ikiisha, kampuni inaweza kumkataa kwa kisukari au presha.

---

mwana_wa_gusii

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu krediti. Lakini Medical Assistance je? Na hizi Medigap na Advantage zinatofautianaje? Kila siku sanduku la barua limejaa.

---

mhudumu_wa_kaunti

Medical Assistance ndiyo Medicaid ya hapa. Kwa mtu wa miaka 65 na zaidi kikomo cha mapato ni asilimia 100 ya mstari wa umaskini (kwa viwango vya 2025, dola 15,650 kwa mwaka kwa mtu mmoja, 21,150 kwa wawili), na mali isizidi dola 3,000 kwa mmoja au 6,000 kwa wanandoa. Nyumba wanayoishi na gari moja havihesabiwi. Fomu ni DHS-3876, inapelekwa kaunti. Msiombe kupitia njia ya kawaida ya MNsure (soko la bima la jimbo), hiyo ni ya walio chini ya miaka 65.

Kikwazo chenu ni ile I-864. Mama akishavuka miaka mitano, mapato na mali zako wewe mdhamini zinahesabiwa kana kwamba ni zake. Ukiwa na mshahara wa kawaida, ombi linakataliwa hata kama mama hana senti. Hali hiyo inakoma akipata uraia, au akiwa na robo 40 za kazi (ndizo zile krediti). Kwa hesabu hii robo za mume wakati wa ndoa zinampa na yeye. Tazama kalenda: ni Oktoba 2027 ileile. Robo ambayo mtu alipokea msaada wa shirikisho unaotegemea kipato huwa haihesabiwi, kwa hiyo msiombe vitu vidogovidogo katikati bila kuuliza kwanza.

Baba anaweza kuomba uraia hata leo, amepitisha miaka mitano zamani. Mama anaweza kutuma N-400 (ombi la uraia) siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano. Yule wa miaka 55 anayeruhusiwa kufanya mtihani kwa lugha yake ni mwenye kadi kwa miaka 15, kwa hiyo mama atafanya kwa Kiingereza, isipokuwa daktari ajaze N-648 kwa ulemavu wa kweli. Uzee peke yake haukubaliwi.

Baada ya hapo kuna msaada ambao wengi hawaujui: miradi ya kulipia Medicare. QMB (hadi asilimia 100 ya mstari wa umaskini) hulipa mchango wa A na B pamoja na makato ya hospitali. SLMB (120) na QI (135) hulipa mchango wa B tu. Kikomo cha mali hapa Minnesota ni dola 10,000 kwa mmoja na 18,000 kwa wawili. Msijipime kwa mshahara mzima: zinaondolewa dola 20, kisha 65 za kazi, kisha nusu ya kinachobaki. Ukipata yoyote kati ya hiyo mitatu, faini ya kuchelewa Sehemu B inafutwa, na msaada wa dawa wa Extra Help unakuja wenyewe.

Wakifika kuwa na Medicare A na B pamoja na Medical Assistance, waulize MSHO. Ni mpango wa hapa Minnesota unaounganisha zote mbili kwenye kadi moja, pamoja na mratibu wa huduma anayepanga usafiri na msaada wa nyumbani. Si lazima kujiunga, lakini kwa mzee asiyejua Kiingereza sioni kwa nini akae nje.

---

hesabu_za_medicare

Kuhusu Medigap na Advantage: Minnesota ni moja ya majimbo matatu (mengine ni Massachusetts na Wisconsin) yenye Medigap za mfumo wake, kwa hiyo video za mtandaoni za "Plan G" ziacheni. Hapa kuna Basic na Extended Basic, na chache nyingine. Ya Basic unaiongezea nyongeza, na ile ya makato ya Sehemu A (dola 1,736 kwa kila kipindi cha kulazwa mwaka 2026) ndiyo ya maana zaidi. Bei haipandi kwa sababu umezeeka. Tena Medicare yenyewe haiwalipii wakiugua Kenya. Basic na Extended Basic hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje ya nchi. Kwa wazee wanaokwenda nyumbani kila Desemba, hilo peke yake linatosha kuniamulia.

Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, mara nyingi haina mchango wa ziada juu ya Sehemu B, ndiyo maana sanduku limejaa. Lakini mna mtandao wa madaktari, vibali vya awali, na kikomo cha kutoa mfukoni kinachoweza kufika dola 9,250 kwa mwaka 2026. Angalieni daktari wa mama yumo kabla ya kusaini, msiangalie kadi ya manunuzi wanayoahidi.

---

binti_wa_uvira

Samahani kuingilia. Bibi yangu ni mkimbizi kutoka Kongo, miaka 71, ana Medicare lakini hajaomba kadi ya kijani. Nasikia sheria imebadilika?

---

mhudumu_wa_kaunti

Imebadilika, dada, na kwenu ni ya haraka kuliko ya huyu ndugu. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya Medicare. Walioko ndani tayari wanaondolewa ifikapo 4 Januari 2027. Fedha za shirikisho za Medicaid nazo zinabanwa kuanzia 1 Oktoba 2026. Mwenye kadi ya kijani bado yumo, kwa hiyo atume I-485 (ombi la kadi hiyo) wiki hii, asisubiri barua ya kusitishwa. Nafuu ni kwamba mkimbizi akipewa kadi, tarehe yake inarudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani. Kama ameshakaa miaka mitano, hasubiri mitano mingine.

Pigia Senior LinkAge Line, 800-333-2433. Ni huduma ya jimbo, bure, hawauzi bima. Mwanzoni kabisa sema "Swahili interpreter" kisha subiri kwenye simu. Usimtumie mjukuu kutafsiri mambo ya makato.

---

mwana_wa_gusii

La mwisho: baba ana shamba Kisii kwa jina lake. Litamletea shida kaunti?

---

mhudumu_wa_kaunti

Mwambie alitaje. Ardhi asiyoishi ni mali inayohesabiwa kama inaweza kuuzwa, hata ikiwa ng'ambo. Lililo baya zaidi ni kuliandikisha kwa jina la mjomba mwaka mmoja kabla ya kuomba: kwa huduma ya nyumba ya wazee au Elderly Waiver (huduma za mzee anayebaki nyumbani) kaunti huangalia miezi 60 nyuma, na mali iliyotolewa bure humfungia huduma kwa muda unaolingana na thamani yake. Kama shamba ni la ukoo na halijagawanywa, tafuteni barua ya chifu na nakala ya utafutaji wa ardhi, zitafsiriwe, ziende pamoja na DHS-3876.