Naomba ushauri: Rais nimweke wapi kwenye mchoro wa mihimili mitatu?

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa.

Naandaa somo la uraia kwa kikundi cha vijana, sehemu ya muundo wa Katiba ya Tanzania ya 1977. Mchoro wa Serikali, Bunge na Mahakama kila mtu anaujua, ila nikiusoma na ibara mkononi haukai sawa.

Ibara ya 4 inataja vyombo viwili kwa kila kazi, vya Muungano na vya Zanzibar. Hiyo nimeimaliza kwa kuweka safu mbili. Kinachonitesa ni Ibara ya 62: Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Halafu Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge, na Ibara ya 63 inawapa wabunge haohao kazi ya kuisimamia Serikali. Vijana wa siku hizi hawakubali jibu la "ndivyo ilivyo", na sioni kwa nini wakubali.

Nimejaribu kuchora duara la Serikali likiingia ndani ya la Bunge, Rais akiwa katikati. Linaeleweka kidogo, lakini Mahakama inabaki pembeni kama vile haihusiki, wakati Jaji Mkuu anateuliwa na Rais.

Wanasheria na walimu wa uraia, naombeni mnisaidie:

1. Rais aonekane kwenye mihimili yote miwili, au abaki Serikalini na mishale tu iende Bungeni?

2. Kwa muundo huu, ni sahihi kufundisha "mgawanyo wa madaraka", au nisisitize zaidi kudhibitiana?

Natanguliza shukrani.