Mjadala: Msusi mwenye leseni aruhusiwe kusema "nywele zako siziwezi"?

Binti Tanga, Minneapolis (mwanzisha mada)

Wapendwa, naomba tulizungumze hili kwa kina, hasa tunaoishi Marekani na Ulaya. Mwaka 2024 jimbo letu la Minnesota lilipitisha sheria inayotaka wanaosomea ususi wafundishwe pia nywele za kipilipili na za mawimbi, si za kunyooka peke yake. Louisiana ilitangulia mwaka 2021, bodi yake ya ususi ilipoamua kuziingiza nywele zetu kwenye mtihani wa leseni. New York nayo ikapata sheria yake Novemba 2023. Habari hizi zilipofika kwenye kundi letu la akina mama zilizua ubishi mkubwa. Wapo waliosema ni haki iliyochelewa. Wengine wakasema serikali inajisumbua bure, Mzungu hawezi kufundishwa kichwa chetu darasani, na sisi saluni zetu tunazo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anayepewa leseni na jimbo kuhudumia vichwa vya wakazi wa jimbo hilo, avijue vichwa vyote. Asiyevijua asipewe.

Hapa mwanafunzi wa ususi anatakiwa kumaliza saa 1,550 za mafunzo kabla ya kupata leseni. Anafundishwa kukata, kupaka rangi, kunyoosha, kuweka mawimbi ya dawa, hata usafi wa vifaa. Saa zote hizo anaweza kuzimaliza hajawahi kugusa kichwa kama changu, kwa sababu vile vichwa vya midoli wanavyofanyia mazoezi mara nyingi vina nywele za kunyooka.

Yaliyonikuta ni haya. Msusi wangu alikuwa amejifungua, nami nilikuwa na usaili wa kazi, nikaingia saluni moja ndani ya jengo la maduka. Kwenye simu waliniambia karibu, tunahudumia nywele zote. Nikapewa binti wa Kizungu, mpole kabisa. Akachukua kitana cha meno madogo, akakiingiza kwenye ngozi ya kichwa, akavuta kwenda juu, nywele zikiwa kavu. Nilizisikia zinakatika. Nikamwambia, mdogo wangu, zilowanishe kwanza, tia kondishena, zigawe mafungu, kisha anzia kwenye ncha upande taratibu hadi kwenye shina. Akaniangalia, akaenda kumwita mwenzake. Wakaja wawili. Mmoja akaniingiza vidole kichwani bila kuniomba. Mwishowe wakaona njia nyepesi ni draya ya mkono kwa moto wa juu kabisa. Taulo jeupe mabegani mwangu lilijaa vipande vya nywele. Na kwenye bili wakaongeza malipo ya "nywele nyingi".

Nywele za mbele zilinyooka kwa kuungua. Zilizoungua hivyo hazijikunji tena, dawa yake ni mkasi.

Binti yule simlaumu. Alipewa kazi asiyofundishwa na shule iliyopokea ada yake. Nywele zetu hujikunja tangu zinapotoka kwenye ngozi, hivyo mafuta ya kichwa hayateremki hadi kwenye ncha, na ndiyo maana hukauka. Kila pale unywele unapopinda ndipo unapokatikia. Jambo hilo linafundishika asubuhi moja kwa mtu yeyote mwenye akili na mikono. Kwa nini halifundishwi?

Msichanganye na ile sheria ya CROWN, iliyoanzia California mwaka 2019 na kupita hapa kwetu mwanzoni mwa 2023. Ile inamzuia mwajiri au shule kukubagua kwa sababu ya rasta au afro yako. Kuhusu mtu aliyeshika kitana haisemi kitu. Karibuni.

Msusi wa Dallas

Dada, pole kwa yaliyokupata, ila mimi nakupinga, tena nakupinga kama mtu anayekula kwa kazi hii. Nasuka tangu nikiwa msichana Mwanza, na hapa Texas kazi hiyo ndiyo inayosomesha wanangu.

Hizo bodi unazozikimbilia leo sisi tunazijua. Isis Brantley, msusi wa hapa hapa Dallas, alikamatwa na polisi mwaka 1997 kwa kosa la kusuka bila leseni. Alipigana na jimbo hadi mwaka 2015 ndipo sheria ikabadilishwa na wasusi wa nywele za asili wakaachwa wafanye kazi. Missouri walimtaka msusi wa rasta akasome saa 1,500 kwenye shule ambazo hazifundishi kusuka. Mama wa Kiafrika anayejua mabutu, twende kilioni, uzi na rasta alikuwa anaambiwa alipe ada ya maelfu ya dola akajifunze kuweka mawimbi ya dawa kwenye nywele za Wazungu. Miaka yote hiyo hakuna bodi iliyosema na Wazungu wajifunze zetu.

Sasa zimeamka. Nani atafundisha? Mwalimu ambaye mwenyewe hajui atamfundisha mwanafunzi kwa kitabu na video, siku moja au mbili, kisha anatoka na cheti kinachosema anaweza nywele zote. Yule binti wako angalau sura yake ilikuonyesha hajui. Wa kesho atakuwa hajui na cheti anacho ukutani.

Halafu kuna riziki. Saluni zetu si mahali pa nywele tu. Ndipo mgeni aliyefika juzi anapoonyeshwa nyumba ya kupanga, daktari, wakili wa mambo ya uhamiaji. Mteja mwenye fedha akihamia kwenye saluni ya jengo la maduka, sisi tutabaki na nani? Ninyi mnaosema haki, hesabuni na hilo.

Mama wa Boise

Mie ni Mkongo, natoka Uvira, nilifika Idaho kwa mpango wa wakimbizi. Dada wa Dallas, unaposema saluni zetu, zetu za wapi? Hatukuchagua mji, tuliletwa. Wako ndugu zetu wamepelekwa Missoula kule Montana, na huko Waafrika ni wa kuhesabika. Unayeishi Dallas au Minneapolis unachagua msusi. Sisi tunasukana jikoni Jumamosi, na asiye na mtu wa kumsuka anafunga kitambaa.

Binti yangu mkubwa anacheza mpira wa kikapu shuleni. Wenzake walipelekwa saluni moja watengenezwe nywele kwa ajili ya picha ya timu. Yeye aliambiwa kwa upole kwamba hawafanyi za aina yake, akakaa kwenye kochi akiwangoja wenzake wamalize. Hakunililia. Aliniuliza tu, mama, hawa wanasomea nini? Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo sheria ije, hata kama inakuja na walimu dhaifu. Dhaifu ataboreka. Asiyeanza hataboreka.

Dada wa Leicester

Nawaletea ya Uingereza. Huku viwango vya kitaifa vya kazi ya nywele vilibadilishwa mwaka 2021, na nywele za Kiafrika na za kujikunja zikaingizwa kwenye yale ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyajua. Kabla ya hapo ulikuwa mchepuo wa hiari. Tulishangilia sana.

Lakini viwango hivyo vinamhusu anayeanza masomo. Aliyemaliza mwaka 2005 bado yuko kazini, ndiye mwenye saluni, na ndiye anayewafundisha wapya. Ukipiga simu hata leo unasikia, "anayeweza nywele hizo hayupo siku hiyo." Ukiuliza siku gani yupo, kimya. Kwa hiyo Binti Tanga, sheria yako ikiwagusa wanafunzi peke yao, subiri kizazi kizima. Kama mnataka mabadiliko mtakayoyaona kwa macho, wabaneni wenye leseni za zamani wakati wa kuzihuisha.

Jambo jingine. Mwaka 2019 mwanamitindo mweusi, Olivia Anakwe, aliandika Instagram jinsi alivyohangaishwa nyuma ya jukwaa kwenye wiki ya mitindo ya Paris, wasusi wakimkwepa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawajui nywele zake. Hao ndio wanaoitwa mabingwa wa dunia wa kazi hii. Hapo msusi wa saluni ya mtaani atajifunza kwa nani?

Mkazi wa Bronx

Mnazungumza kana kwamba ulimwenguni kuna Mzungu na sisi tu. Huku New York wanawake wengi weusi wamezoea saluni za watu wa Jamhuri ya Dominika. Wanazijua nywele zetu, maana wengi wao nywele ni zile zile. Wanaosha, wanaweka rola, wanakukalisha kwenye draya, wanamalizia kwa burashi na moto, unatoka nywele zinayumba mgongoni, na bei ni nafuu. Lakini ukienda na nywele za asili na kutaka ziachwe zilivyo, utaona uso wa msusi unavyobadilika, na kila safari utaombwa uweke dawa.

Kwa hiyo ujuzi wanao. Kinachokosekana ni kukubali kwamba nywele za kipilipili zimekwisha kukamilika bila kunyooshwa. Hilo mtaliweka kwenye mtihani gani?

Mgeni wa jukwaa

Mkipenda kusema kweli semeni yote. Nywele zangu za pembeni ya uso zimekatika kwa mikono ya Waswahili wenzangu, kwa rasta za kuvutwa hadi macho yanapanda. Hakuna Mzungu aliyenigusa.

Mkaazi wa Kinondoni

Samahani nachangia nikiwa nyumbani. Hapa Dar, na Zanzibar pia, baadhi ya wasusi wanaosifiwa kwa rasta na twisti ni vijana wa Kimasai. Wanaume, waliojifunza kwa kusukana wenyewe kwa wenyewe ujanani, wakati wa umorani. Walipoanza kushika vichwa vya wanawake wa mjini wapo walioguna, mwanaume atasukaje mke wa mtu? Leo wanapangiwa foleni. Mikono haizaliwi na ujuzi, inafundishwa na kuzoea. Kama morani amesuka mteja wa Kariakoo akaridhika, binti wa Minnesota atashindwa nini?

Binti Tanga, Minneapolis

Nimewasoma wote, ahsanteni. Mama wa Boise, swali la binti yako nitalipeleka popote litakaposikika.

Mgeni wa jukwaa, una haki kabisa. Kusuka kwa kubana ni madhara, na anayeyafanya ni mmoja wetu. Mimi naliona hilo kama sababu nyingine ya kutaka mafunzo, maana msusi wetu naye afundishwe kutambua vipele vinavyotokea pembeni ya uso kabla nywele hazijaondoka moja kwa moja.

Dada wa Leicester, hoja ya kuhuisha leseni naichukua kama ilivyo. Sikuwa nimeifikiria na inaziba tundu kubwa.

Sasa nije kwako, dada wa Dallas. Ulichosema kuhusu bodi ni kweli tupu na inauma. Lakini tazama kilichofanyika hapa: mwaka 2019 Minnesota iliwaondolea wasusi wa rasta sharti la kusajiliwa. Kwa hiyo mambo haya mawili yanakaa pamoja, msusi wetu kuachwa huru, na mwenye leseni kamili ya ususi kulazimishwa kutujua. Moja haliui lingine.

Ninachokataa ni hoja ya riziki. Naijua thamani ya saluni yenu, mimi mwenyewe nyumba yangu ya kwanza nilielekezwa na mwanamke aliyekuwa ananisuka. Lakini huwezi kuilinda biashara kwa kumwombea mtoto wa Boise aendelee kukataliwa. Mteja anayekuja kwako kwa sababu kwingine wanamfukuza hajakuchagua. Nami baada ya yale yaliyonikuta nilirudi kwa msusi wangu, na nitabaki kwake hata wote wakijua, kwa sababu mkono wake ni mzuri. Wewe huo mkono unao. Unaogopa nini?

Na bei. Msusi akisema kazi yangu inachukua muda zaidi, anitoze muda, na mwenye nywele ndefu za kunyooka atozwe vivyo hivyo. Kutajiwa "nywele nyingi" baada ya kukalishwa kitini, kwa kukadiriwa kwa macho, hiyo ni tozo ya rangi na ipigwe marufuku waziwazi.

Msusi wa Dallas

Siogopi mkono wa mtu. Naogopa kulipwa sifuri kwa ujuzi wangu mara ya pili. Mara ya kwanza walituita wahalifu, mara hii watakuja kutupiga picha, watuulize maswali, kisha waandike kitabu cha kufundishia na jina langu halimo.

Nipe sheria inayosema hivi: shule haipati kibali mpaka iwe na mwalimu wa nywele hizi ambaye amezishika kwa miaka, na miaka ya kusuka nyumbani na saluni zisizo na leseni ihesabiwe, na mshahara wake uwe sawa na wa mwalimu wa kupaka nywele rangi. Mtihani uwe kwa kichwa cha mtu hai, si mdoli. Hapo nitakuwa upande wako kesho asubuhi.

Binti Tanga, Minneapolis

Kipengele cha miaka ya nyumbani kuhesabiwa nimekinakili kama ulivyokiandika. Ninaandaa barua kwa bodi yetu, ikiwa na hilo, na la Leicester la kuhuisha leseni, na la bei. Lile la Bronx, la msusi kukulazimisha dawa, bado sijui nililiandike vipi. Mwenye maneno ya kisheria anisaidie hapa hapa chini.