Gego la binti wa miaka 7 limetoboka na gharama zimetushinda: ling'olewe au lizibwe?

Mama Rehema, mkoa wa Morogoro

Habari za leo ndugu zangu. Ninaomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa wenye ujuzi wa meno na kwa wazazi waliowahi kupita mahali nilipo sasa.

Binti yangu ana miaka 7 na yuko darasa la pili. Tangu mwezi wa tatu analalamikia gego la chini upande wa kushoto. Mwanzoni lilikuwa na doa jeusi dogo ambalo nilidhani ni rangi ya ubuyu, lakini sasa kuna tundu ambalo punje ya wali inaingia na kukwama, na kila akimaliza kula inanibidi nimsafishe kwa kijiti. Shida kubwa ni usiku. Anaamka saa nane, anakaa kitandani ameshika shavu, na kunapokucha hawezi kwenda shule. Wiki tatu zilizopita shavu lilivimba. Muuzaji wa duka la dawa akatupa amoksilini na parasetamoli, uvimbe ukashuka siku ya nne, tukadhani yamekwisha, kumbe maumivu yalikuwa yamepumzika tu.

Zahanati yetu haina huduma ya meno. Hospitali iliyo karibu ni mwendo wa saa mbili kwa basi, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni shilingi 14,000. Safari ya kwanza tuliambiwa daktari wa meno yuko semina. Safari ya pili tulimkuta, akatupokea vizuri, akasema anaweza kung'oa siku hiyohiyo lakini vifaa vya kuziba vimekwisha siku nyingi na hajui vitakuja lini. Kliniki binafsi ya mjini ilinitajia shilingi 60,000 kwa jino moja, kabla ya picha. Mimi ninauza mboga na mume wangu ni kibarua, na fedha hiyo hatuna. Tumejiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa bima ya afya ya jamii, tulilipa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ila sikupata jibu la kueleweka kama inalipia kuziba.

Mama mkwe wangu anasema hayo ni meno ya utoto, yataanguka yenyewe, kwa hiyo nikubali ling'olewe yaishe. Sitaki kubishana naye bila kujua. Je, hilo ni jino la utoto au la kudumu? Na kama nina nafasi ya kuomba msamaha wa gharama, ninaanzia wapi?

Tabibu wa meno, Tanga

Mama Rehema, pole sana, na umfikishie binti pole zangu. Nimetibu meno katika hospitali za halmashauri kwa miaka 16, na swali lako hilo ndilo wazazi wengi huniuliza wakati jino limeshatolewa na liko kwenye kibakuli.

Mkalishe binti mlangoni, uso ukielekea nje kwenye mwanga, umvute shavu kwa mpini wa kijiko safi. Hesabu meno ya chini kuanzia katikati ya kidevu kuelekea kushoto, na kama kuna pengo la jino la mbele lililong'oka, lihesabu nalo. Meno ya utoto yote ni 20, yaani matano kila robo ya kinywa: mawili ya mbele, chonge moja na magego mawili. Likiwa la nne au la tano, hilo ni gego la utoto. Likiwa la sita, ni gego la kudumu. Gego hilo huota mtoto anapokaribia au kutimiza miaka sita, nyuma kabisa ya mengine, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, ndiyo maana wazazi hawalitambui na hulihesabu pamoja na ya utoto.

Mama mkwe wako hajakosea kabisa, kwa sababu magego ya utoto huanguka kweli. Lakini huanguka mtoto akiwa kati ya miaka 9 na 12, na hiyo ni miaka mingi mno ya kumwambia mtoto avumilie. Zaidi ya hapo, usaha ukikaa kwenye mizizi ya gego la utoto unaweza kuharibu jino la kudumu linalojijenga chini yake.

Sasa tuzungumzie uvimbe, kwa maana huo ndio ulionishtua katika maelezo yako. Shavu likivimba maana yake uozo umekwisha kufika kwenye kiini cha jino na vijidudu vimepenya hadi kwenye mfupa. Amoksilini inashusha uvimbe, lakini ndani ya kiini kilichokufa damu haifiki, na dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo chanzo kinabaki palepale. Akivimba tena, na uvimbe ukashuka chini ya taya au ukapanda karibu na jicho, au akapata homa kali, akashindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, msingoje asubuhi wala siku ya kliniki ya meno. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kama daktari wa meno hayupo, kwa sababu hiyo ni dharura na daktari wa zamu anapaswa kuianza.

Kwa maumivu ya usiku, parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 anapata nusu ya kidonge cha miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku. Asipewe aspirini. Ninaomba pia mtu yeyote asimshauri kuweka tumbaku au maji ya betri kwenye tundu, kwa maana nimewapokea watoto waliobabuka ufizi na ulimi, na bado jino linauma.

Nikujibu wazi kuhusu kung'oa au kuziba. Jino lililokwisha kuvimbisha shavu haliwezi kuzibwa juujuu tu, kwa sababu utakuwa umefungia usaha ndani. Kama ni la utoto, kung'oa ni tiba sahihi na usijilaumu. Kama ni la kudumu, njia ni mbili: kutibu mzizi, ambako hufanyika zaidi hospitali za rufaa na gharama yake ni kubwa, au kung'oa. Kuna faraja moja hapo. Gego la kwanza la kudumu, yaani hilo la sita, likitolewa mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 10, kabla gego la pili halijaota, mara nyingi hilo la pili husogea mbele na kulipunguza pengo, wakati mwingine kulifunga kabisa. Kwa hiyo daktari akiona maambukizi yametulia na jino linaweza kushikiliwa kwa miezi kadhaa, mwombe mzungumze kuhusu wakati unaofaa. Asipoona hivyo, msichelewe.

Naomba niongeze jambo linaloniumiza kila ninaposikia kwamba vifaa vya kuziba vimekwisha. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za afya ya kinywa vijijini zilizoendeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Unakwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha unachanganya unga na majimaji yake mpaka upate saruji inayoitwa glasi ayonoma, unaikandamiza kwa kidole. Inang'ang'ania jino na kuachia floridi kidogokidogo. Haihitaji umeme wala mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi ambayo hupakwa kwenye tundu ili kusimamisha uozo, ingawa huliacha jino likiwa jeusi. Kwa hiyo mara nyingi kinachokosekana hospitalini ni kopo dogo la unga na chupa yake. Mwandikieni mganga mfawidhi, mkivitaja vitu hivyo kwa majina yake, maana daktari mmoja anapoagiza peke yake huonekana kama anaomba cha ziada.

Mama Salum, Pwani

Dada yangu, hesabu kama alivyokuelekeza tabibu. Mimi sikuhesabu. Mwanangu alipokuwa na miaka 8 niliomba mwenyewe ling'olewe, nikamwambia usilie, litaota jingine. Sasa ana miaka 16 na pengo liko vilevile, anatafunia upande mmoja. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Mwalimu wa shule ya msingi, Lindi

Mimi si mtaalamu wa meno, lakini ninafundisha darasa la kwanza na la pili, na kuna jambo katika maelezo haya ambalo nimeliona kwa macho yangu kwa miaka mingi. Sera yetu ya afya inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ni sera nzuri na imeokoa watoto wengi. Lakini gego la kudumu la kwanza, kama alivyoeleza tabibu, linaota miaka sita. Maana yake jino ambalo mtoto atalitumia hadi uzeeni linatokeza ufizini wakati mlango wa msamaha umekwisha kufungwa nyuma yake, na huo ndio umri ambao anaanza kupewa shilingi mia ya kununua ashikirimu na pipi getini.

Kila mwaka ikikaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, wataalamu huja kukagua watoto. Tunashukuru, nao hufanya kazi kwa upole. Mwaka mmoja waliandika vikaratasi vya rufaa kwa kila mtoto mwenye tatizo, tukawapa wapeleke nyumbani. Mwezi wa nane nilipokuwa ninasahihisha madaftari nilivikuta vingi vimo mlemle, vimekunjwa mara nne. Niliwaita baadhi ya wazazi, nikitarajia kuwaonya kwa uzembe. Mama mmoja akaniambia alikisoma, akakirudisha kwenye daftari kwa sababu hakuwa na nauli, na hakutaka mtoto ajue kwamba amekiona. Tangu siku hiyo sijamlaumu mzazi.

Kwa maoni yangu ukaguzi wa shuleni uambatane na matibabu palepale, siku hiyohiyo, kwa njia hiyo ya mkono isiyotaka umeme. Dawati, mwanga wa dirishani na maji safi shule inavyo.

Kuhusu msamaha, Mama Rehema, anza na mtendaji wa kijiji akuandikie barua inayoeleza hali ya kaya yenu, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kufika dirisha la malipo. Ukianzia dirishani watakutajia bei tu. Chukua pia kadi ya CHF na umwombe afisa huyo akusomee ni huduma zipi za meno zimo, kwa sababu yeye ana wajibu wa kukueleza.

Msomaji aliyeko Minnesota, Marekani

Ninaunga mkono onyo la tabibu kuhusu uvimbe. Huku mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80, na matibabu ya hospitali yaliyoshindwa kumwokoa yalifikia kiasi cha dola 250,000. Familia yake ilikuwa imehangaika kupata daktari anayepokea bima ya watu wa kipato cha chini, na bima yenyewe ikawa imekatika. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani lililazimisha bima ya serikali ya watoto igharamie meno. Nyumbani tumepata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wenye nafasi ya kusema na wabunge wao waulize mapema kama kuziba jino la mtoto kumo ndani ya kitita cha huduma zinazolipiwa na bima hiyo, badala ya kung'oa peke yake.

Mama Rehema, mkoa wa Morogoro

Nimesoma yote mara mbili, nikamsomea na mama mkwe wangu. Jana jioni tulimkalisha binti mlangoni, nikahesabu mimi, kisha akahesabu yeye. Ni la sita. Mama mkwe alinyamaza kidogo, halafu akasema watoto wake wote saba walitolewa hilo.

Mtendaji amekwisha kuandika barua. Wakati tuko na kijiko mkononi tulimwangalia na mdogo wake, ambaye ana miaka minne. Magego mawili ya juu yana vitundu vidogo, hayajaanza kumuuma. Anatimiza miaka mitano mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo nitawapeleka wote wawili kwa nauli hiyohiyo, yeye akiwa bado ndani ya msamaha. Nimepanga Jumanne.

Tabibu wa meno, Tanga

Umefanya vizuri sana kumwangalia na mdogo. Matundu yake ndiyo yanayofaa kuzibwa kwa mkono, au kupakwa ile dawa ya fedha kama saruji haipo. Kabla ya Jumanne piga simu hospitali uulize mambo mawili: kama daktari wa meno atakuwepo siku hiyo, na kama glasi ayonoma imefika. Kama haijafika, mpeleke binti hivyohivyo, kwa sababu la kwake halisubiri saruji.