Waingereza wa kawaida wanaamuaje chama cha kukipa kura? Nipo Leicester, naomba mwongozo

Mtaa_wa_Pili

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Leicester kwa viza ya kazi, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Nimeshaingia kwenye daftari la wapiga kura, maana raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi hapa anaruhusiwa kumchagua mbunge na diwani. Ninapokwama ni kwenye kuchagua. Huku sina chama cha kurithi. Mtaa mmoja huo huo dirisha hili lina bango la Labour (mrengo wa kushoto wa kati), la pili Greens (chama cha mazingira), na wazee wa kona waliokuwa Conservative (wahafidhina) miaka yote sasa wanaitaja Reform (mrengo wa kulia).

Naomba wenye uelewa mnijuze: Mwingereza wa kawaida anaanzia wapi anapoamua? Na vile vipeperushi vyenye chati ya nguzo, "hapa ni sisi tu tunaoweza kushinda", vina ukweli kiasi gani?

JembeLaMidlands

Karibu sana. Kabla ya kuuliza chama, uliza jimbo.

Hapa hakuna karatasi ya kumchagua waziri mkuu. Unapewa karatasi ya mbunge wa jimbo lako, unaweka alama ya X kwa jina moja, na anayeongoza ndiye mbunge hata kama theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka. Majimbo ni 650, na chama kikifikisha 326 kina wingi wa kuunda serikali. Kura za walioshindwa zinaishia pale pale jimboni.

Angalia Julai 2024. Labour walipata asilimia 33.7 ya kura wakaondoka na viti 411. Reform UK walipata asilimia 14.3 wakapewa viti 5. Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, wenye asilimia 12.2 tu, walichukua viti 72. Kura za Reform zilitapakaa nchi nzima, kidogo kidogo kila mahali. Za Liberal Democrats zilirundikana kwenye majimbo, hasa ya kusini mwa England, ambako mshindani wao alikuwa Conservative peke yake. Ndiyo maana utamkuta mtu roho yake ipo Greens lakini kura anampa Liberal Democrat. Anachokitafuta ni kumwondoa aliyepo, na hilo hapa watu wanalifanya waziwazi bila kuona haya.

Leicester yenyewe ni darasa. Ina majimbo matatu, na 2024 yalitoa matokeo matatu tofauti. Leicester West walibaki na Labour. Leicester South alishinda mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa tofauti ya kura 979 dhidi ya Jonathan Ashworth wa Labour, ambaye 2019 alishinda kwa zaidi ya 20,000; suala la Gaza liliwagusa wapiga kura wengi wa pale. Leicester East ikaenda Conservative, kiti pekee walichowanyang'anya Labour uchaguzi ule. Sababu kubwa ni mgawanyiko: Claudia Webbe na Keith Vaz, wote waliowahi kuwa wabunge wa Labour jimboni hapo, waligombea nje ya chama, na kura zao wawili ukizijumlisha zinazidi pengo la mshindi na mgombea wa Labour.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: ingiza postikodi yako kwenye tovuti ya Bunge ujue uko jimbo gani kati ya hayo matatu. Ya pili, soma matokeo ya 2024, nani wa kwanza, nani wa pili, pengo ni kura ngapi. Pengo likiwa chini ya asilimia 10, hilo ni jimbo la ushindani, na vyama vitakuja mlangoni kwako. Usidharau kura moja: Hendon, London, Labour walishinda 2024 kwa kura 15.

Kipima_Joto

Nijibu la chati za nguzo, kwa sababu hapo wageni wengi wanaingizwa mjini.

Shika kipeperushi, shuka mpaka maandishi madogo kabisa chini ya chati. Lazima pawe na chanzo. Mara nyingi utakuta namba siyo za uchaguzi wa ubunge wa jimbo lako. Zinaweza kuwa za udiwani wa kata moja, za utafiti wa maoni wa nchi nzima, au za kampuni za kamari. Kisha chukua rula. Chama chenye asilimia 20 nguzo yake inatakiwa iwe nusu ya chenye 40. Ukikuta imebanwa ikawa robo, kipeperushi kimekudanganya kwa macho wakati namba zenyewe ni za kweli.

Angalia na mwaka. Mipaka ya majimbo ilichorwa upya kabla ya uchaguzi wa 2024, kwa hiyo chati ya 2019 yenye jina lile lile la jimbo inaweza kuwa inazungumzia mitaa tofauti.

Mwisho tafuta mstari wenye jina na anwani ya aliyechapisha na ya aliyeagiza. Sheria inaulazimisha. Kipeperushi kisicho nao kitupe.

Ila niongeze jambo dhidi ya mkuu JembeLaMidlands. Nafasi ya pili ya uchaguzi uliopita haitoshi kukuambia nani ana nguvu, hasa kwenye uchaguzi mdogo. North Shropshire, Desemba 2021: Labour ndio walikuwa wa pili 2019, Liberal Democrats wa tatu, na Conservative walikuwa na pengo la karibu kura 23,000. Wakashinda Liberal Democrats. Wapiga kura walihesabu nani anagonga milango, nani analeta karatasi kila wiki, wakajua nani yuko kazini na nani ameachia.

MzeeWaTakwimu

Wakuu, naheshimu hesabu zenu, lakini mnamfundisha kumaliza kabla ya kuanza. Mkakati ni hatua ya mwisho. Kinachomsogeza Mwingereza wa kawaida ni swali jepesi zaidi: hawa waliopo madarakani wanaiweza kazi au hawaiwezi?

Zamani jibu lilitokana na tabaka. Mfanyakazi wa kiwanda Labour, mwenye ofisi Conservative, na watoto wakafuata. Kamba hiyo imelegea tangu miaka ya 1970. Utafiti wa British Election Study, unaofuatilia wapiga kura tangu 1964, ulionyesha kwamba katika chaguzi tatu za 2010, 2015 na 2017 karibu nusu ya watu hawakukipa chama kimoja kura mara zote tatu. Kwa hiyo wazee wako wa kona si watu wa ajabu. Kuhama ni kawaida.

Sasa wanaangalia uwezo, na uwezo unapimwa kwanza kwenye uchumi. Septemba 16, 1992 pauni ilitupwa nje ya mfumo wa ubadilishaji wa fedha wa Ulaya, Conservative wakapoteza sifa ya kuwa wasimamizi wazuri wa fedha, na 1997 wakaangushwa vibaya. Hilo likajirudia Septemba 23, 2022, bajeti ndogo ya Waziri Mkuu Liz Truss wa Conservative na waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng: kupunguza kodi kwa kukopa, riba za mikopo ya nyumba zikapaa, na Truss akaondoka baada ya siku 49 madarakani.

Hapa kuna kitu wengi hawakioni. Kwa nini hasira ilidumu mpaka Julai 2024 wakati Truss alishaondoka? Kwa sababu mikopo mingi ya nyumba hapa inafungwa riba kwa miaka miwili au mitano. Mtu aliyefunga 2021 kwa riba ndogo hakuumia siku ile. Aliumia 2023 mkataba ulipokwisha, akapewa malipo mapya ya mwezi. Kila mwezi kundi jingine lilikuwa linapokea barua ya benki. Rishi Sunak, aliyemrithi Truss, alikuwa anaadhibiwa kwa barua hizo.

Na Labour nao wameonja. Julai 2024, wiki chache tu baada ya kushinda, waliwaondolea wastaafu wengi posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kwenye bajeti ya taifa ni fedha ndogo, lakini iligusa akaunti ya mtu moja kwa moja, na ilikuja ghafla. Mwaka 2025 ilibidi warudi nyuma, wakairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka.

Ukitaka kuona upepo unaelekea wapi, achana kidogo na swali la "utapigia chama gani" kwenye tafiti za maoni. Tazama mawili: nani anaaminika zaidi kwenye uchumi, na kiongozi gani anaonekana anafaa kuwa waziri mkuu. Chama kinachoongoza kwa jumla huku kinapwaya kwenye yote mawili, uongozi wake si wa kuutegemea.

Nahodha_wa_Tatu

Nyongeza fupi. Siku hizi umri unatabiri kura kuliko tabaka. Kwa mahesabu ya YouGov, kampuni ya utafiti wa maoni, 2019 mtu akifika miaka 39 alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa Conservative kuliko Labour. 2024 umri huo ulipanda mpaka 63. Elimu nayo: wenye digrii wanaelekea Labour, Liberal Democrats na Greens, wasio nayo wanaelekea zaidi Conservative na Reform. Kura ya Brexit (kujitoa Umoja wa Ulaya) ya 2016 ilizidisha ufa huo.

Magazeti hayafichi upande wake, ila televisheni na redio zinabanwa na sheria zisipendelee, na matangazo ya kisiasa ya kulipia ni marufuku humo. Kwa hiyo ukitaka habari ya uchaguzi isiyovuta upande, washa redio.

Bint_Clyde

Mpo England, nisemee wa huku Scotland na ndugu zetu wasio wa Jumuiya ya Madola.

Mkongo au Mrundi anayeishi Glasgow kihalali hawezi kumpigia kura mbunge wa Bunge la Uingereza lililopo London, lakini anaweza kupiga kura ya Bunge la Scotland na ya madiwani. Wales ni hivyo hivyo. Wengi hawajui, haki inawapita.

Na msiwahukumu watu kwa kazi isiyo yao. Hospitali na shule za Scotland zipo chini ya serikali ya Edinburgh. Ahadi ya hospitali kwenye ilani ya uchaguzi mkuu kwa sehemu kubwa inahusu England. Takataka zisipozolewa, huyo ni wa halmashauri. Viza na ulinzi, hapo ndipo mbunge wa Bunge la London anahusika. Kabla ya kukiadhibu chama, hakikisha ndicho chenye ufunguo wa jambo linalokuudhi.

Mtaa_wa_Pili

Shukrani sana wakuu, nimeelewa mengi. Kumbe lazima nijue kwanza niko East, South au West. Lakini hamjagusa uhamiaji. Kwa mtu wa viza ya kazi si ndilo la kwanza? Wengi wetu tunaambiana "Labour ndio wetu".

KaraniWaUhamiaji

Dada au kaka, hilo la "wetu" liweke pembeni usome kilichofanyika.

Machi 2024, chini ya Conservative, wafanyakazi wa matunzo (wanaohudumia wazee na wasiojiweza) walizuiwa kuleta wategemezi. Aprili mwaka huo kima cha mshahara kwa viza ya kazi ya ujuzi kikapanda hadi pauni 38,700, na cha kumleta mwenza hadi 29,000. Watu wakasubiri Labour walegeze. Julai 2025 Labour wakafunga kabisa kuajiri wafanyakazi wapya wa matunzo kutoka nje, na kima cha ujuzi wakakipandisha hadi pauni 41,700. Wametangaza pia nia ya kurefusha muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 kuwa 10 kwa walio wengi. Reform wametangaza wanataka kuufuta ukaazi huo wa kudumu wenyewe, na hilo linamgusa hata mwenye kibali tayari.

Kwa hiyo linganisha sera kwa sera. Fungua ilani, nenda sehemu ya uhamiaji, andika majibu ya maswali manne: muda wa kufikia ukaazi, ada, kima cha mshahara, wategemezi. Ukiona chama kimeandika "tutapunguza" bila namba, mwandikie mgombea wake barua pepe uulize namba. Anayejibu kabla ya uchaguzi utajua pa kumbana baadaye. Kwa mbunge aliyepo, tovuti ya TheyWorkForYou inaonyesha alivyopiga kura bungeni, hoja kwa hoja. Na kwenye fedha, Institute for Fiscal Studies, taasisi huru ya utafiti wa kodi na bajeti, huzipitia ilani wakati wa kampeni na kusema wapi hesabu hazifungi.

Kipima_Joto

Na siku yenyewe usije ukapoteza kura kwa mambo madogo. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Ukiwa ndani ya foleni saa 4 inapogonga, bado una haki ya kupiga.

Lazima uwe na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda inakubalika kwa sababu ni ya nchi ya Jumuiya ya Madola, hata ikiwa imeisha muda, mradi picha bado inafanana na wewe. Jina lazima lilingane na la kwenye daftari. Uliyeolewa ukabadili jina, shughulikia mapema. Asiye na kitambulisho anaomba Voter Authority Certificate (cheti chenye picha cha kupigia kura), ni bure, mwisho saa 11 jioni siku 6 za kazi kabla ya uchaguzi. Kujiandikisha mwisho ni siku 12 za kazi kabla, kura ya posta siku 11.

Mlangoni utakuta mtu amevaa ua la utepe la rangi ya chama chake, anakuomba namba yako ya daftari. Huyo si msimamizi. Anahesabu wafuasi wa chama chake waliokwisha kuja ili wasiofika wakafuatwe nyumbani. Unaweza kumpa, unaweza kupita kimya, hana mamlaka yoyote juu yako.

Ukikosea kuweka alama, usiitumbukize karatasi. Irudishe kwa msimamizi, atakupa nyingine.