Mjadala: Je, mashamba ya tumbaku yaliyochoka tuyaachie miombo?

Hoja ya kufungua, kutoka Urambo

Ndugu zangu wa Tabora, naomba tujadili kwa utulivu swali ambalo kila msimu tunaliruka kwa sababu ya haraka ya kufyeka pori jipya: shamba la tumbaku lililochoka, lisilotoa tena jani la maana, tulifanyeje? Wengi wetu hulitelekeza bila kuamua lolote. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya mashamba hayo iachwe kwa makusudi, ikiendelea kuwa mali ya mwenyewe, mpaka miombo, yaani miti ya asili ya pori letu, irudi.

Juma lililopita nilipita katika shamba la marehemu baba, ambalo sasa lina miaka tisa bila kuguswa na jembe. Matuta bado unayahisi chini ya mguu, na bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, limebaki kuta mbili. Upande wa mashariki, ambako baba alifyeka kwa shoka, kila kisiki cha mtundu, mmoja wa miti ya miombo, kimetoa machipukizi yaliyonipita kimo, na kwa kuwa mvua bado, majani machanga ni mekundu mti mzima. Ukivuka hatua hamsini kwenda magharibi, ambako visiki viling'olewa kwa trekta, unakuta nyasi na vichaka viwili vitatu. Mvua ni ileile na idadi ya miaka ni ileile. Tofauti ni kwamba huku mizizi ilibaki na kule iling'olewa.

Wazee wa Urambo hawatashangaa, kwa maana hapa ndipo Serikali ya Uingereza, kati ya mwaka 1947 na 1951, ilipong'oa pori kwa mitambo ili kulima karanga, kama ilivyofanya Kongwa na Nachingwea, na mpango ukafa kwa hasara kubwa. Miombo hurudi zaidi kwa kuchipua kutoka mizizini kuliko kwa mbegu. Kwa hiyo ninayoyazungumzia ni mashamba ambayo bado yana visiki hai, na ninaona tuyawahi kabla trekta halijayafikia.

Huko Uingereza kwenyewe, katika shamba la Knepp lenye hekta zipatazo 1,400, mwenye ardhi aliacha kulima kuanzia miaka ya 2000, akaachia ng'ombe, nguruwe na farasi watembee, na ndege waliokuwa wakipungua wakarudi. Siwaambii tuige, kwa kuwa bwana yule hakuwa akingojea gunia la mahindi kutoka katika shamba lile. Mfano wetu uko jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, ulifufua ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kikikaza, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudisha uoto wake.

Jibu, kutoka Kaliua

Kaka yangu wa Urambo, nakushukuru, lakini umezungumza kama mtu ambaye shamba lake la pili liko salama. Mimi nina ekari sita, watoto wanne na deni la pembejeo katika chama cha msingi. Ekari mbili nilizoziacha miaka mitatu iliyopita hazikupata hata nafasi ya kuota: kiangazi cha kwanza waliingia ng'ombe wa watu nisiowajua, na cha pili ukapita moto uliowashwa na mwindaji wa panya. Machipukizi yaliungua mpaka chini.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Pori likishasimama, jicho la mtu huliona kuwa ni pori, halioni tena shamba la fulani. Kijijini kwetu watu wameambiwa kwamba eneo lisilolimwa ni la kijiji na litagawiwa upya. Nani atanihakikishia kwamba baada ya miaka kumi ya kuvumilia sitakuta limegawiwa, au limepigwa alama za mpaka wa hifadhi? Tena msitu ukikaribia nyumba, mbung'o nao hukaribia, na mifugo yetu inajua maana yake.

Nyongeza fupi, kutoka Sikonge

Mimi ni mrina asali, kwa hiyo mnajua nitaegemea wapi. Naongeza mawili tu. Mikaratusi tunayohimizwa kupanda kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku ni mizuri kwa kazi hiyo, na kila gogo lake linaokoa mti wa asili. Lakini usiite msitu. Ule uyoga tunaookota masika huishi pamoja na mizizi ya mitundu na jamii yake, na mahali miti hiyo ilipokwisha, nao umekwisha. La pili, msimwambie mtu kwamba asali itamlipa mapema. Chipukizi la miaka mitano halimpi nyuki maua ya kutosha.

Mwenye hoja anarejea

Dada wa Kaliua, kuhusu ng'ombe na moto sina la kukupinga. Shamba moja lililoachwa peke yake katikati ya mashamba haliwezi kujilinda, na hapo hoja yangu ilikuwa na pengo. Ngitili za Shinyanga zilisimama kwa sababu majirani walikubaliana mipaka, na aliyeingiza mifugo nje ya wakati alitozwa faini na watu wanaomfahamu. Kwa hiyo narekebisha: maeneo haya yapangwe yakiwa yameungana, kaya kadhaa kwa pamoja, yaingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo, na nyasi za pembezoni zichomwe mapema zikiwa bado na ubichi, ili moto wa mwezi wa tisa usikute cha kula.

Kuhusu umiliki, waliowaambia hivyo walikosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataja miaka mitano ya kutotumia ardhi kabla haijahesabiwa kuwa imetelekezwa, lakini inatambua pia kwamba kupumzisha shamba ni namna ya kulitumia. Nakiri kwamba kifungu cha sheria hakimzuii mtu anayekuja na kamba ya kupimia. Ndiyo maana ningependa hati ya hakimiliki ya kimila itangulie, na uamuzi wa kuacha shamba ufuate.

Kaliua tena

Hapo tunaanza kuelewana. Hati ikitangulia, na majirani zangu wawili wa upande wa mtoni wakikubali kuunganisha, nitaacha ekari moja na nusu. Zile nne na nusu nitaendelea kulima, na mwaka huu naweka mahindi.